Baiskeli Saba na Matanga ya Alute

Kinampanda, Iramba,
Kupitia Posta ya Kiomboi.
Tarehe 22 Julai 1956.

Mpendwa Kaka Naftali,

Shikamoo kaka yangu. Tafuta kiti kwanza, maana barua hii ni ndefu, nawe ukisoma umesimama huwa unaruka mistari. Tabia hiyo naijua tangu tulipokuwa watoto. Hujambo? Wifi Lea hajambo? Kifua chake kilichomsumbua wakati wa mvua kimepona, au anajikaza tu mbele yako? Na Paskali mdogo ameanza kutembea, au angali anabebwa kama furushi la posta? Tuandikie habari zake, huku hatuzishibi.

Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Goti la Mama humuuma asubuhi. Jua likipanda goti hunyamaza na Mama huanza kusema. Anasema huko kwenye mkonge umekonda. Nilipomwuliza amejuaje, alinijibu kwamba mama haulizwi amejuaje. Basi ule, kaka, ili nipate amani.

Mtama tumepata wa kutosha. Uwele ndege wamekula karibu nusu, na nusu iliyobaki Mama anailinda kama askari wa boma. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike. Upepo wa kipupwe nao umeanza, na mwaka huu unavuma kana kwamba kuna mtu ameutuma.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Nakuomba usikasirike kabla ya kufika mwisho. Ukishafika mwisho, kasirika utakavyo. Nimempeleka binti yako Luciana safari ya baiskeli, siku tisa, kutoka hapa Kinampanda hadi Singida mjini, kisha Ikungi, na kurudi. Na baiskeli aliyoondoka nayo ni yako, ile uliyoifunga magunia ukaniambia isiguswe mpaka urudi. Tumekungoja urudi, matairi yakaanza kuchoka kuliko sisi.

Jambo la pili ni Unyambwa, nyumbani kwa marehemu Alute. Najua hutaki kulisikia. Tangu mwezi wa pili umeniandikia barua tatu, na katika zote tatu umeuliza habari za mbuzi, za paa, hata za jirani usiyempenda, lakini jina la Alute hukulitaja. Mimi nitalitaja. Alute alikuwa mtani wako. Koo zetu ni watani wa kuzikana tangu mababu, lakini nyinyi wawili mlizidi. Mlitukanana miaka ishirini bila kupumzika, na siku mtu mwingine alipokutukana wewe, Alute alitaka kumpiga. Alipolala kitandani mara ya mwisho aliacha neno kwamba matanga yake asiyaanue mtu yeyote ila wewe. Simu ulipelekewa, hukuja. Ukamwandikia mjane wake barua ya pole, yenye maneno mazuri na mwandiko wa karani. Mtani anaandika barua ya pole, kaka! Afadhali ungetuma jiwe.

Basi matanga yakakaa bila kuanuliwa. Wazee wao walisema neno la marehemu halivunjwi, wazee wetu wakasema Naftali atakuja, na kati ya wazee hao wote aliyekaa ndani ni Klara mjane. Hakwenda gulioni, hakwenda shambani wala kanisani, hakukifungua kitambaa cheusi. Miezi mitano, na mavuno yakavunwa na wengine. Nilikuwa nazisikia habari hizo huku Kinampanda, na kila nikizisikia nilikuwa najifanya nina madaftari ya kusahihisha.

Lakini nianze na safari. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika nilijikuta na vijana wa darasa la nane wanaozunguka hapa kama kuku waliofunguliwa mapema. Mimi, kama ujuavyo, nimejifunza baiskeli uzeeni, mwaka juzi, nikishikiliwa kiti na Bibi Muuguzi wa misheni huku wagonjwa wake wakinitazama madirishani na kupona kwa kicheko. Nikawaza: hawa watoto wanaijua ramani ya mito ya Ulaya, lakini ziwa la Singida hawajaliona. Nikawaambia, anayeweza kupata baiskeli na ruhusa ya wazazi, twende.

Baiskeli zilipatikana kwa kuazima na kubembeleza. Ruhusa ndiyo ilikuwa mlima. Mzee mmoja wa kanisa, sitamtaja, wewe utamjua kwa maneno yake, alisema msichana akizoea baiskeli atazoea kwenda mbali. Nikamwambia, baba, hiyo ndiyo nia yenyewe. Mama hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu akatuletea kifuko cha karanga na viazi vikavu, akasema nisirudi bila mjukuu wake, mimi mwenyewe nikipotea si neno.

Tulitoka hapa sita. Mimi na ile baiskeli ya Bibi Muuguzi, wasichana watatu na wavulana wawili. Luciana unamjua, ingawa hujamwona tangu awe mrefu. Sasa ananipita kwa vidole vinne na miguu yake yote ni yako. Leonidas ni mwana wa fundi seremala, ana miaka kumi na sita na anajua kila kitu, mwulize yeye mwenyewe. Wale wengine watatu ni watoto wa majirani, wapole. Hawakunisumbua njiani, na sitawasumbua katika barua hii.

Siku ya kwanza tulijifunza upepo. Ulitukabili usoni tangu asubuhi. Palipokuwa na mteremko tulikanyaga kama tunapanda, na palipokuwa na mwinuko tulishuka tukasukuma huku sufuria niliyoifunga kwenye karia ikilia kengele ya ibada. Leonidas alitangulia kutuonyesha wanaume wanavyokwenda. Tulimkuta mbele, maili mbili, amekaa juu ya jiwe, anasema amesimama kutazama mandhari.

Miba nayo! Ile migunga ya kwetu haina huruma na mpira. Siku hiyo tulipata pancha tano. Gundi ilipoelekea kwisha, Luciana alinishangaza. Alilifungua tairi la nyuma la mwenzake, akalishindilia majani makavu badala ya mpira, akayakandamiza kwa mpini wa kisu mpaka likawa gumu, akasema Baba alinionyesha nikiwa mdogo. Lile tairi lilitembea hivyo hadi mjini, linaruka kama mbuzi, lakini lilitembea. Niliona fahari kwa ajili yako, kisha nikakumbuka kwamba nimekukasirikia, nikaiacha fahari.

Kuna kizuizi cha mbung'o njiani, wameweka kibanda na mtu mwenye wavu mdogo, kila apitaye anakaguliwa mgongoni asije akapeleka wadudu kwenye ng'ombe wa watu. Sisi sote tulikuwa safi. Leonidas, aliyevaa shati la buluu iliyokolea ili apendeze, alikutwa na mbung'o watatu. Yule mkaguzi akamwambia, "Wewe kijana wanakupenda kuliko maksai." Jina hilo, Maksai, amerudi nalo nyumbani, na nadhani ataoa nalo.

Singida mjini tulifikia kwa Mwanabaraka, yule mama mwenye duka la kanga aliyekuwa akikaa jirani na shangazi yetu mkubwa. Ametulaza, ametulisha wali na kuku, na vijana wangu wamekula mpaka nikaona haya. Asubuhi mwanawe Mrisho, rika lao, alitupeleka ziwani. Kulikuwa na ndege heroe wengi, maji yote yamegeuka rangi ya waridi ukingoni, na watoto wakanyamaza. Kaka, mimi ni mwalimu mwaka wa kumi na mbili huu, na sijawahi kuwanyamazisha watoto namna ile.

Mrisho akaomba kufuatana nasi. Baiskeli yake mpya, ina taa ya dainamo, akawa anaiwasha mchana kweupe ili tuione. Ndiyo tukawa saba.

Njia yetu ilipita Unyambwa. Nakiri mbele yako, nilikuwa nimepanga tupite bila kusimama. Ningemtazamaje Klara? Niliwaambia watoto tukazane kabla jua halijawa kali, nao wakanitii. Lakini mwiba haujui aibu ya mtu. Karibu na nyumba za kwanza, mipira miwili ikatoa pumzi kwa mpigo, tukaziba, kisha pampu yetu pekee, ya Leonidas, ikakataa. Ngozi yake ya ndani imekatika. Tukamwuliza mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani, hapa nani ana pampu? Akasema, "Pampu hapa kijijini ni moja tu, iko kwa marehemu Alute." Nikasema moyoni, Mungu ananitazama.

Sasa sikia nilivyokosea, mimi mwalimu mzima. Niliwapanga watoto njiani, nikawaambia: pale kuna msiba, ingieni kwa adabu. Vueni kofia, semeni pole mmoja mmoja, kisha tutaimba wimbo mmoja wa faraja. Nao ni watoto wa misheni, wanajua kutii na wanajua kuimba sauti nne.

Klara alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Amekwisha, kaka, yule mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, amebaki macho. Baiskeli ya Alute imeegemea ukutani pale pale alipoiacha siku aliyoanza kuugua, kofia yake juu ya usukani, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kuku mmoja alikuwa ametaga kwenye kapu la karia, na hata yeye hawakumfukuza.

Watoto wakasema pole. Wakaimba. Walipofika ubeti wa pili, Klara akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Gabrieli, kaka mkubwa wa Alute, akasimama na fimbo yake. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema, maana yalikuhusu. "Mwalimu, hawa uliotuletea ni wageni au ni watani? Kama ni wageni, pampu hiyo, jazeni upepo mwende zenu salama. Kama ni watani, mbona wanalia? Sisi tumelia wenyewe miezi mitano. Nani aliwaambia tumepungukiwa na machozi?"

Watoto wakatoka nje ya ua, wamejikunyata, hawajui kosa lao. Luciana akaniuliza, "Shangazi, tumefanya nini?" Aliyemjibu ni Mrisho, mtoto wa duka, na mimi nikasimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa. Akawaambia kwamba kwao, alipokufa babu yake, watani walikuja wakalala juu ya jeneza, wakasema halitoki mpaka wapewe jogoo, na mmoja akavaa kanzu ya marehemu akazunguka akikohoa kama yeye, mpaka bibi yake akacheka. "Mtani akija akalia anafukuzwa," akasema. "Atalia nani, na atanyamazisha nani?"

Luciana akanigeukia. "Hapa aliyetakiwa kuja ni nani?" Kaka, ungekuwa wewe ungemdanganya? Nikamwambia, "Baba yako."

Alikaa chini akachora chora mchangani kwa kijiti. Baadaye akaniuliza kama nakumbuka Baba Alute alivyokuwa akifika kwetu kwa baiskeli. Nani asiyekumbuka? Miaka yote ile hakujifunza kushuka. Breki hakuwa nazo, alisema zinamchelewesha, na njia yake ya kusimama ilikuwa kutafuta kitu laini akiingie. Tulikuwa tukimsikia tangu kwenye mfereji, "Pisheni! Breki zimebaki dukani!" Mama anakimbilia vyungu vyake, wewe unakimbilia mlangoni ili umcheke vizuri.

Akainuka, akaingia uani peke yake. Nilimwita, hakugeuka. Akamtoa kuku kwenye kapu, kuku akapiga kelele uani kote. Akaichukua ile kofia, akaivaa. Gabrieli akainua fimbo. Wanawake waliokuwa wakitwanga wakaacha michi juu. Mimi nilishika ukingo wa ua, nikamwomba Mungu anipe miguu ya kukimbia, maana kuigusa kofia ya marehemu na ukakosea, hilo halisameheki kwa neno la pole.

Matairi yalikuwa hayana upepo, lakini akapanda hivyo hivyo, akaanza kuzunguka uani akiyumba, akapaza sauti ya kiume: "Pisheni! Breki zimebaki dukani!"

Wanawake hawakushusha michi. Akazunguka tena, sauti imeanza kumtetemeka. Nikaona anakaribia kulia, na kama angelia ingekuwa basi, tusingekanyaga tena ua ule.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango uliofungwa. "Siyo hivyo! Magoti! Alute hakubana magoti namna hiyo, aliyatoa nje kama chura!"

Luciana akatoa magoti nje. Mlango ukafunguka kidogo. "Na hakusema mara moja. Alisema mara tatu, na mara ya tatu ameshaanguka!" Klara akawa yu kizingitini, kiganja kimoja juu ya mhimili, anamwelekeza kama mwalimu wa gwaride. Luciana akazunguka, magoti nje, kofia machoni, akasema mara moja, akasema mara mbili, na kwa mara ya tatu akaenda moja kwa moja kwenye lundo la mabua ya mtama, akazama na baiskeli yake. Likabaki gurudumu la nyuma linazunguka juu.

Na kutoka ndani ya mabua, kwa sauti ile ile ya Alute, akauliza, "Klara, uji umeiva?"

Mimi nilikuwa nimesahau kwamba Alute akianguka husema hivyo. Mtoto alikuwa na miaka saba alipomsikia mara ya mwisho. Klara alicheka, kaka. Alicheka akakaa chini, akacheka akalala ubavu, kitambaa kikadondoka, na katikati ya kicheko kilio kikaja, kile kikubwa kinachosafisha, na wanawake wakapiga vigelegele juu ya vyote viwili. Gabrieli aliiweka fimbo chini akageukia ukuta, akasema upepo wa mwaka huu una vumbi sana.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wewe hukuja kusana. Mwanao amevukuta mpaka moto umewaka.

Hatukuondoka siku ile wala kesho yake. Klara alinyolewa, nyumba ikafagiliwa, pombe ya mtama ikawekwa, ukoo wote ukaitwa, na matanga yakaanuliwa kama inavyopasa. Wasichana walisaga, wavulana walipasua kuni. Leonidas alipoambiwa kwamba mtani ana haki ya kuchukua kuku bila kuomba, alikuwa mtani hodari kuliko wote. Nilimzuia kwenye kuku wa tatu. Gabrieli alimpa Luciana kofia na baiskeli ya Alute mbele ya watu, akasema hiyo ndiyo sehemu ya mtani. Leonidas akataka kuitia breki pale pale, Klara akakataa, akasema si heshima. Tulipofika Ikungi niliipeleka kwa fundi chini ya kibanda chake gulioni, nikamwambia atie breki mbili imara. Heshima kwa marehemu ninayo, lakini mtoto ni wa watu.

Kuhusu baiskeli yako, kaa vizuri kitini. Tulipokuwa tunafunga mizigo, Klara aliishika usukani akauliza, "Hii nayo ya nani?" Luciana akasema ni ya baba yake. Klara akaikokota akaiingiza chumbani kwake, akafunga kwa komeo. "Naftali ana miguu," akasema. "Aifuate." Nilibishana naye kidogo tu, kwa kuwa nilikuwa nacheka.

Ikungi tuliikuta siku ya gulio. Watu walitoka vibandani kuwaona wasichana juu ya baiskeli, na bibi mmoja akampapasa Luciana miguu kuhakikisha kwamba ni mtu. Tulinunua chumvi, na asali iliyotoka Rungwa, nyeusi na kali, nimekuwekea chupa. Kurudi, upepo ulikuwa mgongoni. Watoto walinyanyua miguu wakaacha baiskeli zijiendee, wanaimba, na safari hii niliwaacha waimbe walichotaka. Luciana alikuwa mbele kabisa na kofia ile kubwa. Sikumwita arudi nyuma.

Wazazi wao wamewapokea kwa furaha, hata yule mzee wa kanisa ameniuliza kama mwakani mjukuu wake atapata nafasi. Nimemwambia nitafikiri.

Kaka, sasa nakuandikia kama dada. Uliandika, bila kulitaja jina la Alute, kwamba bwana mkubwa wa shamba alikukatalia ruhusa. Nilisoma, nikakunja barua, nikajua kwamba si kweli. Wewe umewahi kuondoka bila ruhusa kwa ajili ya harusi ya mtu usiyemjua vizuri. Hukuja kwa sababu ungefika pale, ungetakiwa uvae kofia ile ucheke, na usingeweza. Nilikukasirikia miezi mitano kwa kudhani umemdharau Alute. Siku ile, nilipomwona mtoto wako sauti inamtetemeka juu ya baiskeli, ndipo nilipokuelewa, na hasira yangu ikaisha yote. Nisamehe kwa barua fupi fupi nilizokuwa nakuandikia. Nakupenda, Naftali, ujinga wako pamoja nao.

Salamu zako ni nyingi. Mama anakusalimu, anasema ule. Luciana anakusalimu, shikamoo Baba. Anataka kuandika mwenyewe, lakini kila akianza anasema hajui kama utakuwa umekasirika au umefurahi, kwa hiyo mwandikie wewe kwanza. Leonidas Maksai anakusalimu ingawa hamjuani. Mwanabaraka anakuulizia. Nisalimie wifi Lea, na umbusu Paskali mashavu yote mawili.

Klara naye amekutumia salamu, na amenikataza kuzipamba, nizilete zilivyo. Anasema: "Mwambie mtani wangu kazi ya kuchekesha mwanawe ameimaliza, asiiogope tena. Najua mtani haruhusiwi kulia msibani, na najua hilo ndilo lililomfunga miguu. Basi msiba umekwisha. Sasa aje alie."

Mungu akufungulie njia, akushike mkono mwanzo wake hata mwisho.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dina.